Uzi: Mzee wa sendofu kasema divai ya Dodoma ni tamu kwa sababu ya jua. Nimekataa

Mwosha_Mapipa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilikuwa kwenye sendofu ya binti wa jirani yetu hapa Dodoma mjini. Mezani zilikuwepo chupa mbili za divai nyekundu ya hapa hapa. Mzee mmoja wa heshima zake akaonja, akaweka glasi chini, akatoa hukumu: "Jua letu kali, ndiyo maana divai yetu tamu. Kwa Wazungu kuna baridi, ndiyo maana ya kwao inakwaruza koo." Meza nzima ikaitikia. Nikanyamaza, huwezi kumbishia mkubwa mbele ya wakwe, lakini imenikaa kooni mpaka leo. Nimekuja kuitolea huku.

Nilifanya kazi misimu sita Stellenbosch, Afrika Kusini, kwenye ghala la divai. Nilianza kwa kuosha mapipa na mipira, nikaishia kushika kipima sukari shambani alfajiri. Si msomi wa fani hii, ila hili la jua na utamu nalijua.

Jua linaweka sukari kwenye zabibu, hapo mzee yuko sahihi. Lakini sukari hiyo ni chakula cha hamira. Hamira ikiachwa imalize kazi yake, kila gramu 17 hivi za sukari kwenye lita ya mchuzi wa zabibu zinageuka kilevi cha asilimia 1. Mchuzi wenye gramu 240 ukichacha mpaka mwisho unatoa divai ya asilimia 14, kavu kabisa, yaani haina sukari iliyobaki. Kwa hiyo jua likizidi unapata divai inayopanda kichwani haraka. Ukikuta sukari imebaki kwenye glasi, ujue kuna mtu aliiacha au aliiweka.

Chukua zabibu ya aina moja tu, Syrah, uizungushe duniani.

Hermitage, Ufaransa, kusini mwa Lyon. Kuna kilima juu ya mji wa Tain, ukingoni mwa mto Rhône, kimegeuza kifua kusini kama mtu anayeota jua la asubuhi. Mteremko ni mkali, kazi nyingi ni ya mikono, na mizabibu inafungwa kwenye nguzo zake mmoja mmoja. Upepo wa Mistral unashuka kutoka kaskazini na kukausha majani, kwa hiyo magonjwa ya ukungu yanapata shida. Mwezi Juni mchana wao unazidi saa 15, lakini zabibu zinapokaribia kuvunwa, mwezi Septemba, usiku umeshaanza kupoa. Divai inanukia pilipili manga na zeituni, na ukali wa asidi umesimama wima. Msidhani hiyo pilipili manga ni maneno ya walevi wenye tai. Mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kemikali inayoileta, inaitwa rotundoni, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye pilipili manga ya pilau. Mashamba ya baridi huwa nayo nyingi zaidi.

Sasa ipeleke bonde la Barossa, Australia Kusini, ambako wanaiita Shiraz. Joto na ukavu. Pilipili inafifia, badala yake unapata kitu kama zambarau zilizochemshwa zikawa jamu, na kilevi kinagonga 14 na nusu au 15. Ukiinywa unaweza kuapa ina sukari, kumbe ikipimwa karibu hakuna. Ni matunda yaliyoiva sana pamoja na kilevi vinavyoudanganya ulimi.

Kwa hiyo joto lipo Barossa na divai ni kavu. Mzee anasemaje hapo?

---

PipaTupu

Mkuu umetisha. Nimevuta kigoda. Ila weka na bei tujue kama huu ni uzi wetu au wa mabosi.

---

Bin_Kondoa

Sisi wengine kinywaji hiki hatutumii, lakini kusoma hakuna kosa. Swali langu: nimewahi kukamua zabibu nyeusi za sokoni nikapata juisi nyeupe. Huo wekundu wa divai unatoka wapi? Rangi ya dukani?

---

Mwosha_Mapipa

Swali zuri kuliko uzi wangu. Karibu zabibu zote nyeusi zina nyama nyeupe. Rangi iko kwenye ganda, na ule ukakasi unaokausha fizi, tanini, uko kwenye ganda na kokwa. Ndiyo maana divai nyekundu inachachushwa ikiwa na maganda yake ndani. Fikiria majani ya chai: ukiyatoa mapema unapata chai nyepesi, ukiyasahau jikoni unapata kitu cha kutengenezea ngozi.

Hapo ndipo ghala linaanza kuzungumza. Maganda yanasukumwa juu na hewa ya uchachu, yanatengeneza kofia nene. Kuna wanaoizamisha kwa mti, kuna wanaovuta mchuzi kutoka chini na kuumwagia juu. Kila siku unaamua mara ngapi, kwa nguvu kiasi gani, na lini utenganishe. Divai nyekundu nyingi huchacha kwenye nyuzi 25 mpaka 30. Chini ya hapo rangi inatoka kwa uvivu, juu sana hamira inaanza kufa. Nimeshika mpira huo saa nane usiku nikisinzia huku nimesimama.

Beaujolais, kule Ufaransa, wengi wanaweka vichala vizima bila kuviponda ndani ya tangi lililojaa hewa ya kaboni, uchachu unaanzia ndani ya punje yenyewe. Inatoka divai laini, ya harufu ya ndizi na pipi, nyingine inauzwa Novemba ya mwaka ule ule. Ukiziponda zabibu hizo hizo na kuzikalisha kwenye maganda wiki tatu unapata mtu mwingine kabisa.

---

Profesa_wa_Kijiwe

Mnazunguka mbuyu. UDONGO ndiyo kila kitu. Mimi nimesoma kwamba divai ya kwenye changarawe ina ladha ya changarawe, ya kwenye chokaa ina ladha ya chokaa. Hayo ya mapipa ni biashara.

---

Mwosha_Mapipa

Profesa, mzizi hauna mdomo wa kulamba mawe. Udongo ni muhimu sana, ila kwa njia nyingine: unashika maji kiasi gani na unapata joto kwa haraka gani. Bordeaux, Ufaransa, upande wa kushoto wa mto Gironde, kuna changarawe. Maji yanapita upesi, mawe yanatunza joto, kwa hiyo zabibu ya Cabernet Sauvignon inayochelewa kuiva inapata nafasi. Upande wa kulia, Pomerol na Saint-Émilion, kuna udongo wa mfinyanzi mwingi, wenye ubaridi na unaoshika maji, na zabibu ya Merlot inayowahi kuiva ndiyo inatawala. Watu wanaonja tofauti ya zabibu na ya maji, halafu wanaiita ladha ya mawe.

Na hata hapo Bordeaux joto limeanza kuwapangia. Mwaka 2021 wameruhusiwa rasmi kupanda aina mpya kadhaa kwa majaribio, mojawapo Touriga Nacional ya Ureno, nchi ya jua. Udongo haujahama, ila wao wanatafuta zabibu nyingine.

---

Mama_Vichala

Wanangu, hamjambo. Mimi nina ekari mbili na nusu upande wa Hombolo, nimerithi kwa baba. Huwa nasoma tu humu siandiki, leo mmenigusa.

Mwanangu Mwosha Mapipa, unazungumza habari za Septemba ya Ufaransa. Kwetu Septemba haina maana hiyo. Mzabibu wa huko unalala baridi ikija, si ndiyo? Wetu haulali. Hakuna baridi ya kuulaza. Msimu wetu unaanzia kwenye mkasi. Nikipogoa leo, ndani ya miezi minne hivi navuna. Nikipogoa baada ya masika natarajia kuvuna Agosti, Septemba. Nikipogoa tena mwezi wa kumi, navuna Februari au Machi, katikati ya mvua. Mavuno mawili kwa mwaka, na hayo mawili si ndugu hata kidogo.

Ya Februari yamejaa maji. Magonjwa ya ukungu yanakuja, punje zinapasuka, nyuki na nyigu wanakula nami. Ya Agosti punje ni ndogo, ganda gumu, ukila usiku meno yanakufa ganzi kwa baridi na ukali. Baba alikuwa anasema ya kiangazi ni zabibu za mapadre, kwa sababu hawa wamisionari wa Kiitalia wa Bihawana waliozianzisha huku miaka ya 1950 walikuwa wanataka hizo kwa divai ya misa.

Lakini ninalipwa kwa kilo. Ya Februari ina kilo nyingi. Haya niambieni, nani mjinga hapo?

---

Mwosha_Mapipa

Mama shikamoo. Umeandika kwa mistari michache kitu ambacho mimi nimekizunguka uzi mzima.

Naomba niongezee kwa nini ya Agosti inauma meno. Mzabibu usiku nao unapumua, na ukipumua unachoma asidi, hasa ile ya tufaa bichi. Usiku ukiwa wa joto asidi inakwisha haraka na rangi ya ganda inakuwa hafifu. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na wote tunajua baridi ya Julai ya hapa, watu wanatembea na makoti. Zabibu yako inaiva mchana mkavu na usiku baridi. Mendoza, Argentina, wameijengea zabibu yao ya Malbec jina duniani kwa mtindo huo: jangwa, mwinuko, usiku baridi, maji ya mfereji kutoka milima ya Andes.

Nikitafuta ndugu zetu wa kweli nawaona bonde la mto São Francisco, Brazil, karibu na mji wa Petrolina. Wako nyuzi 9 hivi kusini mwa ikweta, sisi 6. Nusu jangwa kama hapa, wanamwagilia, hawana baridi ya kuulaza mzabibu, wanapogoa kwa zamu ili wavune karibu mwezi wowote wanaotaka. Na Syrah ni moja ya zabibu zao kubwa za divai nyekundu. Lakini wao wako chini sana kuliko sisi, usiku wao hauna Julai ya Dodoma.

Mfaransa anasubiri mwaka umpe hali ya hewa. Wewe mama unachagua kwa mkasi zabibu yako iivie kwenye hali ya hewa ipi. Ni wakulima wachache sana wa divai duniani wenye nafasi hiyo. Kwenye bei ya kilo sina jibu, hapo mjinga ni mzani.

---

MtuWaNaivasha

Salamu kutoka Kenya. Hata sisi huku Naivasha kuna mashamba ya zabibu za divai, na tuko juu kuliko nyinyi, karibu mita 1,900. Ni baridi asubuhi mpaka unavaa sweta mbili. Shiraz ya huku iko na hiyo pilipili mnaongelea. Nilifikiri ni chupa yangu imeharibika, kumbe ni sifa!

---

PipaTupu

Mkuu, jina langu ni la pipa na hujanitaja. Pipa linafanya nini hasa? Au ni chombo tu kama ndoo?

---

Mwosha_Mapipa

Ndoo haipumui. Pipa la mwaloni linapitisha hewa kidogo kidogo, tanini inalegea, na mbao zenyewe zinatoa harufu. Pipa jipya dogo la lita 225 linatoa nyingi, kubwa la maelfu ya lita au la zamani linatoa kidogo sana. Mwaloni wa Marekani unanukia vanila na nazi, wa Ufaransa una viungo na hauna kelele.

Kisa ninachokipenda ni cha Max Schubert, mtengeneza divai wa kampuni ya Penfolds, Australia. Mwaka 1950 alitumwa Ulaya kujifunza habari za divai za kuongezewa spiriti za Uhispania na Ureno, akapitia Bordeaux, akaonja divai nyekundu za miaka 40 ambazo bado zilikuwa hai. Akarudi na wazo moja kichwani. Cabernet ya kutosha hakuwa nayo, akachukua Shiraz. Mapipa ya Kifaransa yalikuwa adimu, akachukua mwaloni mpya wa Marekani, akaihamishia divai humo kabla uchachu haujakwisha. Ya kwanza ni ya mwaka 1951, akaiita Grange Hermitage. Wakubwa walipoionja walisonya. Mwaka 1957 wakamwamuru aache. Akaendelea kwa siri, kwenye mashimo ya chini ya ardhi, miaka mitatu mfululizo, mpaka zile chupa za mwanzo zilipokomaa na wakubwa kubadili mawazo. Leo ndiyo divai nyekundu yenye jina kubwa kuliko zote Australia.

Jua la Barossa lilikuwepo miaka mia moja kabla yake, na sehemu kubwa ya zabibu za nchi ile ilikuwa inaishia kwenye divai tamu za kuongezewa spiriti. Mnasikia? Australia nayo ilikuwa nchi ya divai tamu.

---

Msafiri_wa_Torino

Nipo Italia mwaka wa tisa, naendesha gari la mizigo, na ninapita vilima vya Langhe karibu kila wiki. Kule kuna divai ya Barolo, zabibu yake ni Nebbiolo, watu wengi wanasema jina limetoka kwenye neno lao la ukungu kwa sababu inavunwa vuli vilima vikiwa vimefunikwa. Rangi yake nyepesi, unaidharau, halafu tanini inakushika fizi kama embe bichi. Sheria inataka ikae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake kwenye mbao.

Basi kule wamewahi kugombana familia kwa ajili ya pipa. Wazee walitumia mapipa makubwa ya zamani, na maganda yalikaa kwenye mchuzi wiki nyingi. Kijana mmoja wa La Morra, Elio Altare, akaenda Bourgogne, Ufaransa, akaona wenzake na mapipa madogo, tena wana hela. Mwaka 1983 akaingia kwenye ghala la baba yake na msumeno wa injini, akayakatakata yale makubwa. Baba akamnyima urithi. Kijiji cha pili, Bartolo Mascarello hakutaka kusikia habari za pipa dogo mpaka anakufa. Kilima kimoja, zabibu moja, mvua ile ile, na divai unazitofautisha ukiwa umefumba macho.

Halafu kwa ule ubishi wa mzee wa sendofu, ushahidi mzuri kuliko wote uko Valpolicella, karibu na Verona. Wanavuna zabibu, hasa Corvina, wanazianika ndani kwenye vichanja miezi mitatu minne kama tunavyoanika michembe. Zinapoteza theluthi ya uzito au zaidi, sukari inajikusanya. Mchuzi ule ukiuzuia usimalize kuchacha unapata Recioto, divai tamu ya tangu zamani. Ukiiacha hamira imalize sukari yote unapata Amarone, kavu, kilevi 15 au 16, na jina lenyewe linatoka kwenye neno la uchungu. Kichanja kile kile! Tamu na chungu zimetoka tumbo moja.

---

Mwosha_Mapipa

Msafiri, umenimalizia kazi. Nakuomba uje utoe ushahidi kwenye sendofu ijayo.

---

Kaunta_Namba7

Nyinyi mnaongea, mimi nauza. Nina grosari. Nikiweka chupa kavu, mteja anaonja, anakunja uso, anauliza kama imechacha. Nikiweka tamu inakwisha Ijumaa hiyo hiyo. Kiwanda kinaweka sukari kwa sababu mimi naitaka, na mimi naitaka kwa sababu nyinyi mnainywa. Msimsingizie fundi wa ghala.

---

Profesa_wa_Kijiwe

Kaunta kaua uzi.

---

Mwosha_Mapipa

Hajaua, ameeleza. Ndicho ninachosema: utamu ni uamuzi, na wa kwake una sababu. Wareno wameishi kwa uamuzi kama huo karne kadhaa. Port, divai yao tamu ya bonde la Douro, inakatwa njiani, wanamimina spiriti ya asilimia 77 hamira ikiwa imekula nusu ya sukari, inakufa pale pale, utamu unabaki. Hakuna anayewacheka. Tatizo langu ni moja: kuna zabibu za Agosti za akina Mama Vichala ambazo hazijawahi kuulizwa zingekuwa nini zikiachwa.

---

Mama_Vichala

Mimi niliziacha. Mwaka jana nilibakiza ndoo saba za Agosti, nikaponda, nikaweka kwenye pipa la plastiki kwenye banda la bati. Siku tatu za kwanza ilichemka vizuri, nikawa naizamisha kofia kwa mwiko wa ugali. Siku ya nne pipa lilikuwa la moto kama uji. Siku ya tano kimya. Nikaonja: tamu! Nikasema basi, divai ya Dodoma ni tamu yenyewe. Wiki mbili baadaye ikawa siki, nimepikia mpaka imekwisha.

---

Profesa_wa_Kijiwe

HAHAHA. Kwa hiyo mzee wa sendofu alikuwa sahihi. Ni jua!

---

Mwosha_Mapipa

Nimecheka peke yangu kwenye daladala. Haya, nakubali nusu: ni jua, ila la kwenye bati.

Mama, uchachu wenyewe unatoa joto. Ukiongeza joto la banda, mchuzi unapita nyuzi 35, hamira inachoka na kufa kabla haijamaliza sukari. Divai inakwama. Sukari iliyobaki bila mlinzi inaliwa na bakteria, na hewa ikiingia unapata siki. Kwenye ghala nililofanyia kazi matangi yalikuwa na koti la maji baridi, na mtu wa zamu alikuwa anapima joto asubuhi na jioni. Kosa hapo halikuwa la zabibu zako.

Agosti hii fanya hivi. Vuna alfajiri, umalize kabla ya saa tatu, vichala visikae juani vikisubiri usafiri. Pipa liweke ndani, chumba cha tofali, kwenye sakafu. Lifunge magunia yaliyolowa na uyamwagie maji mara kwa mara, kwa ukavu wa hewa ya hapa yatapoza vizuri. Zamisha kofia asubuhi na jioni. Usikamue mpaka ukionja usikie hakuna sukari. Ukishakamua jaza chombo mpaka shingoni, hewa isipate nafasi.

---

Mama_Vichala

Magunia ninayo. Chumba cha tofali ni cha kijana wangu, atahamia sebuleni wiki mbili. Nitabakiza ndoo kumi. Wewe njoo na hicho kipima sukari chako, maana mimi napima kwa kuangalia ndege wanaanza kula lini.

---

Kaunta_Namba7

Mama, ikikauka vizuri niletee chupa tatu. Nitaziweka nyuma ya kaunta, sitasema ni nini, nitamwangalia mteja usoni.